Anajua Kusoma na Kuandika

Nilisoma historia chuo kikuu, na kwa zaidi ya miaka ishirini nimeishi kwa kuandika makala magazetini na kunyoosha Kiswahili cha vitabu vya watu wengine. Kwa ukoo wetu hayo ni maelezo yasiyo na maana. Aliyefika chuo kikuu amesoma vyote. Nimewahi kuulizwa kuhusu ng'ombe asiyeshika mimba, kuhusu antena ya televisheni na kuhusu uvimbe wa shingo, na aibu yangu ni kwamba mara zote nilijibu. Kwa hiyo shangazi yangu aliponipigia simu kutoka Buswahili akitaka nikamwandikie wosia, sikumwambia kwamba mimi si mwanasheria. Kichwa kilinivimba. Nilitoka nyumbani kwangu Makoko, Musoma, asubuhi na karatasi nyeupe, kalamu tatu za wino mweusi, na kijitabu cha msaada wa kisheria ambacho nilikuwa nimekisoma mara mbili na kujiona nusu hakimu.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba yangu. Mumewe alifariki mapema, kabla hawajapata mtoto. Ndugu za mume walitaka arithiwe, yeye akakataa. Kwao walitaka arudi, hilo nalo akalikataa. Akafanya jambo ambalo wanawake wa kwetu Mara wamelifanya tangu zamani: akaoa. Alitoa ng'ombe wake mwenyewe, akamposa binti wa kijiji kimoja cha Bunda, akamleta nyumbani awe mke wa nyumba ile. Tunaita nyumba ntobhu. Watoto ambao binti yule angezaa, baba yao akiwa yeyote, wangekuwa watoto wa nyumba ya shangazi, na wa kiume angeshika boma. Rafiki zangu wa Dar es Salaam nikiwaeleza huwaza wanachowaza, nami huwaacha wawaze hadi waone haya wenyewe.

Yule binti tulikuwa tunalingana umri. Sikujua nimwite nani, maana hakuna aliyenifundisha jina la mke wa shangazi. Nikaamua kumwita shemeji, naye akaniita hivyo hivyo, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyetusahihisha. Shangazi alimwita mwenzangu. Alizaa mabinti wawili, wakakua, wakaolewa. Mtoto wa kiume hakuja. Wakabaki wawili katika nyumba ya vyumba vinne ya bati, wakilima muhogo na mtama, wakigombana kuhusu chumvi kwenye mboga kama watu wote waliokaa pamoja muda mrefu.

Siku hiyo ya wosia shangazi alikuwa amevaa gauni la kanisani. Alikuwa ametandika kitambaa mezani na kuweka viti vitatu, kimoja changu na viwili vya mashahidi: mzee mmoja wa kanisa lake, na binamu wa marehemu mumewe, mzee mpole aliyempenda shangazi kwa sababu alimpikia kila alipopita. Alichotaka kuandika kilikuwa kifupi. Nyumba, na shamba linaloizunguka, viwe vya mwenzake hadi afe, kisha viende kwa mabinti.

"Wakimtoa hapa aende wapi?" aliniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyepanga kumtoa. "Kwao alishatoka. Ng'ombe nilizotoa walishazila."

Shemeji alikuwa jikoni, lakini jiko lenyewe lilikuwa hatua nne kutoka mezani, na alikuwa ameacha kukoroga.

Nilianza kuandika kwa mwandiko wangu mzuri. Jina, umri, kijiji, kata, akili timamu, hakuna aliyemlazimisha. Kisha nikafika mahali ambapo kijitabu kilieleza habari ya mashahidi. Kwa taratibu za mirathi ya kimila, mtu anayejua kusoma na kuandika wanamtosha mashahidi wawili. Asiyejua anahitaji wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Maana yake iko wazi: asiyeweza kusoma alichotia saini lazima awe na watu wengi zaidi wa kumlinda asidanganywe na wajuaji. Wajuaji ni watu kama mimi.

Ukutani, juu ya kichwa cha shangazi, kulikuwa na cheti chake cha elimu ya watu wazima, kimewekwa kwenye fremu ya kioo. Alikipata enzi zile ambapo wakulima walikuwa wakikusanyika jioni, baada ya kurudi shambani, kujifunza herufi. Hakukuwa na picha ya harusi nyumba ile wala picha ya mtu. Kilikuwepo cheti tu. Na mimi nilijua, tangu nikiwa mtoto niliyepelekwa kwake wakati wa likizo, kwamba shangazi alitoka katika darasa lile na kitu kimoja: jina lake. Aliweza kuyaandika majina yote matatu, na aliishia hapo. Barua zilipokuja alinipa mimi. "Soma wewe, macho yangu leo yana moshi," alisema. Kanisani alishika kitabu cha nyimbo kama wengine, akaimba bila kukosea neno, ila alifunua ukurasa akiwa amechelewa kidogo kuliko watu wote. Nilikuwa na miaka tisa nilipogundua, na sikumwambia mtu. Nadhani hilo ndilo jambo la kiungwana pekee nililofanya utotoni.

Nikamwambia, "Shangazi, hapa panauliza kama unajua kusoma na kuandika."

"Anauliza nani?"

"Hakuna mtu. Ni utaratibu tu."

Hakutazama cheti. Alinitazama mimi, muda mrefu, na mzee wa kanisa akaanza kukagua kucha zake.

"Andika unavyonijua," akasema.

Nikaandika: Anajua kusoma na kuandika.

Nimeieleza sentensi hiyo kwa njia nyingi tangu wakati huo. Kwa muda mrefu nilisema ilikuwa heshima. Ilikuwa heshima, ndiyo, lakini nusu tu. Nusu ya pili ilikuwa uvivu. Mashahidi wengine wawili wangetoka wapi? Ningelazimika kwenda kumwomba mtu mwingine wa ukoo wa mume, na kila mtu wa ukoo ule angetaka kujua shangazi anaficha nini. Ningelala Buswahili siku mbili. Nilikuwa na makala ya kumaliza. Ilihusu, sioni sababu ya kuficha, umuhimu wa watu wa kawaida kuzijua haki zao.

Shangazi akatia saini. Alivua kandambili kwanza, sijui kwa nini, akaweka mkono wa kushoto juu ya karatasi isisogee, akaandika majina yake matatu polepole, kila herufi imesimama peke yake kama mti uliopandwa kwa kamba. Alipomaliza tulikuwa tumeshikilia pumzi sote wanne, kwa kuwa shemeji naye alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Mashahidi wakasaini. Tukala sato wa kuchemsha na ugali wa muhogo.

"Na wewe shemeji uandike wako," shemeji akanitania akiniongezea mchuzi. "Kwa tumbo hilo sikuoni ukifika mbali."

"Huyu?" shangazi akasema. "Huyu ana nini cha kumwachia mtu? Magazeti?"

Walicheka hadi mzee wa kanisa akapaliwa. Nilirudi Musoma nikiwa na furaha ya mtu aliyewasaidia ndugu zake kwa elimu yake.

Baada ya miezi saba shangazi alianguka akichota maji. Kiharusi. Upande wa kulia ulikufa, na maneno yote yakaondoka isipokuwa moja la Kizanaki ambalo alilitumia kwa kila kitu, kwa maji, kwa maumivu, kwa kumwita mwenzake. Tulikaa naye hospitalini wiki tatu. Shemeji alilala chini kwenye kanga, kati ya kitanda cha shangazi na cha mgonjwa mwingine, na asubuhi alimchana nywele kabla madaktari hawajapita. Mimi nilileta uji kutoka Makoko kwenye chupa ya chai na kujiona nafanya mengi.

Hapo ndipo wosia ulipoanza kunisumbua. Nilimpigia rafiki yangu mmoja wakili, nikajifanya nauliza kwa ajili ya makala. Mtu akitaka kubadilisha wosia wake, lakini hawezi kuongea, inakuwaje? Akasema itakuwa kazi ngumu. Utahitaji daktari athibitishe akili yake, na hata hivyo watu watapinga. Ungefanyika mapema, akasema. Nikamshukuru. Nikaweka simu mfukoni, nikaenda kuosha chupa ya uji. Shemeji sikumwambia. Ningemwambia nini? Kwamba karatasi aliyoihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya godoro, ina uongo mmoja, na kwamba uongo huo ni wa mwandiko wangu?

Shangazi aliishi hivyo mwaka mmoja na nusu. Shemeji alimgeuza kitandani mara nyingi kwa siku, na daktari aliyekuja kumwona alishangaa kukuta hana kidonda hata kimoja mgongoni. Alifariki asubuhi ya Jumapili. Tulimzika uani, kama ilivyo kawaida, hatua chache kutoka mlango wa jikoni.

Aliyeupinga wosia alikuwa mtoto wa kaka wa marehemu mumewe. Ningependa kusema alikuwa mtu mbaya. Ingerahisisha kazi yangu ya kuandika. Hakuwa mbaya. Mwaka wa ukame alileta magunia ya mahindi pale nyumbani bila kuombwa. Katika kikao cha ukoo alizungumza kwa upole, kofia mkononi. Alisema nyumba ile ilioa ili ipate mtoto wa kiume, mtoto wa kiume hakupatikana, mabinti wameolewa, ardhi ni ya ukoo. Alisema anamheshimu mama huyu aliyemuuguza mkubwa wetu, naye hatamfukuza mtu leo wala kesho. Lakini wosia ule, akasema, una kasoro, na kila mtu hapa anaijua kasoro yenyewe. Hakuna aliyeuliza ni ipi. Wazee walitazama chini. Mimi nilitazama kofia yake.

Tukaenda mahakama ya mwanzo. Siku moja kabla ya shemeji kutoa ushahidi, nilifika Buswahili mchana. Nilimkuta anapiga pasi gauni lake kwa pasi ya mkaa, juu ya meza ile ile. Aliniuliza watamuuliza nini.

"Watauliza mlivyoishi. Sema ukweli tu, shemeji. Ukweli hauna shida."

Nilisema hivyo. Nilikuwa na cheti cha shangazi ndani ya mkoba wangu, nimekitoa ukutani kwa ruhusa ya shemeji, na mpango wangu ulikuwa kukionyesha kama ushahidi kwamba marehemu alisoma. Cheti kilikuwa halali, kina muhuri. Kilichobaki ni mtu mmoja tu kumweleza shemeji kwamba kesho, swali fulani likiulizwa, kila kitu kitategemea jibu lake. Sitaki kusema kwamba nilishindwa kumfundisha kusema uongo kwa sababu ya uadilifu. Ningeweza kumweleza sheria tu, bila kumwambia aseme nini, halafu yeye aamue. Sikumweleza kwa sababu ningelazimika kuanza na mimi mwenyewe. Alikuwa akiniamini. Aliniwekea chai, akachagua kikombe ambacho hakijavunjika sikio, nami nikanywa.

Kesho yake aliapishwa na Biblia mkononi. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo aliyesikiliza kwa makini na kuandika kila kitu mwenyewe. Alimuuliza shemeji aliishi na marehemu kwa namna gani. Shemeji akaeleza vizuri: shamba, mabinti, ugonjwa. Sauti yake ilikuwa imara kuliko nilivyotarajia. Kisha mtoto wa kaka wa marehemu akapewa nafasi ya kuuliza. Alisimama, akauliza swali moja tu, na alimwita mama.

"Mama, barua zikija pale nyumbani, nani alikuwa anasoma?"

Nilimwona shemeji akinyooka. Kwa siku zote hizo watu walikuwa wamemzungumza kama mgeni, kama mfanyakazi wa ndani aliyekaa kupita kiasi. Sasa kuna mtu amemuuliza jambo ambalo linaonyesha yeye alikuwa nani katika nyumba ile.

"Mimi," akasema. "Na wewe mwenyewe unajua. Barua, Biblia, karatasi za hospitali, namba za simu, vyote nilikuwaga namsomea mimi. Kila siku, tangu nimefika. Yeye alijuaga jina lake tu. Bila mimi hakuna kilichosomwa mle ndani."

Hakimu akaacha kuandika. Akamuuliza kwa upole kama ana uhakika.

"Nina uhakika, Mheshimiwa. Hata huo wosia baadaye nilimsomea mimi, akafurahi."

Kisha akageuka kunitazama, kama mtoto aliyejibu swali gumu darasani anavyomtazama mzazi wake dirishani. Alikuwa anatabasamu.

Cheti kilibaki ndani ya mkoba. Hukumu ilipotoka ilikuwa fupi na, ukiisoma bila kumjua mtu, ilikuwa sahihi. Marehemu hakujua kusoma, mashahidi walikuwa wawili badala ya wanne, wosia ni batili, mali igawanywe kama vile hakuna wosia. Mtoto wa kaka akateuliwa msimamizi wa mirathi. Kuhusu shemeji, mahakama haikuona ndoa ambayo ingeweza kuitambua. Hakimu alimweleza kwamba ana haki ya kukata rufaa, na kwamba anaweza pia kudai jasho lake katika shamba lile. Alimweleza mara mbili, akihakikisha ameelewa.

Nje kulikuwa na benchi karibu na bomba la maji. Tulikaa hapo. Shemeji alikuwa ameshika mkoba wake mapajani kwa mikono miwili.

"Nilikosea wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia. Nilianza na kijitabu, nikamaliza na siku ya pasi. Ilichukua muda, kwa sababu mimi ni mtu wa aya ndefu hata nikikiri kosa. Hakunikatiza. Mwanamke mmoja alikuja kuchota maji, akajaza ndoo mbili, akaondoka.

"Ungeniambia, shemeji," akasema.

Hakusema zaidi ya hapo, na hajawahi kusema zaidi ya hapo. Mara nyingi nimetamani angenitukana.

Nilimsihi tukate rufaa. Nilisema nitatafuta wakili wa kweli, nitalipia, tutadai jasho lake, tutadai kila kitu. Alinisikiliza hadi mwisho kisha akatikisa kichwa. "Nimechoka kuulizwa mimi ni nani wake," akasema. Akahamia Bunda kwa binti yake mdogo, ambaye ana chumba cha nyuma na duka la mitumba. Mtoto wa kaka alitimiza ahadi: hakumfukuza. Alisema anaweza kukaa hata mwaka. Lakini alikuwa ameshamwoza kijana wake, na wanandoa wale walihitaji nyumba, na shemeji hakutaka kuwa mtu anayehesabiwa miezi.

Mwaka mmoja baada ya maziko tulikwenda Buswahili pamoja, mimi nikitoka Musoma na yeye akitoka Bunda, tukakutana njiani. Alitaka kupalilia kaburi. Alikuwa amebeba jembe dogo lililofungwa kwenye gazeti, na mche wa ua kwenye kopo la maziwa. Njia nzima alinieleza habari za wajukuu, na kwamba Bunda samaki ni ghali na furu siku hizi hawapatikani.

Uani walikuwa wameweka uzio wa miti na geti la bati. Geti lilikuwa limefungwa. Nilinyoosha mkono nilisukume, kwa mazoea, naye akanizuia. Alijifunga kanga upya, akasogea mbele, akasimama miguu pamoja kama mtu aliyetumwa.

"Hodi," akasema.

Kuku wakakimbia upande wa pili. Akasema tena, kwa sauti zaidi, hodi wenyewe. Ndani mlango wa jikoni ukalia, ule mlango unaokwama chini, na sauti ya msichana ambaye hatukumjua ikauliza ni nani.

Shemeji alifungua mdomo. Alinigeukia, kisha akalitazama tena geti.

"Ni wageni," akasema.